Nguo za Mtu Aliye Safarini

Matanga ya mama mdogo Yunesi yalipoisha, wanawake tuliingia chumbani kwake kugawa nguo zake. Tulitandika mkeka, tukazitoa moja moja kutoka kwenye kamba iliyopita kona hadi kona, na kila aliyenyanyua gauni aliliangalia kwenye mwanga wa mlango, kisha akalirudisha taratibu, kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Mama Furaha, jirani yake wa miaka yote, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, aliinua moja lenye viraka juu ya viraka, akalizungusha. "Jamani, hili ni gauni au ni mkutano wa magauni?" Tulicheka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kutuchekesha, halafu kicheko kikaisha na hakuna aliyejua aangalie wapi. Shangazi aliyesimamia ugawaji alisema kila mmoja achukue hata kipande, asije akasema hakupewa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Hapo ndipo mtu akaona sanduku la bati chini ya kitanda, akauliza, "Na hilo je?" Ezekia, mtoto pekee wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi kidogo kwenye ndevu, alikuwa ameegemea mlango. Pumzi yake ilikuwa ikipiga mluzi kama kawaida yake. Alisema, "Hilo subirini kidogo." Mimi nilijua kilichomo. Nililala kando ya sanduku hilo mwaka mzima, nikiwa msichana niliyemaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya kuendelea, nikapelekwa Tunduma nimsaidie mama mdogo kulea mtoto na shughuli za nyumbani. Watu huniuliza nilijifunza wapi kuangalia mambo kwa makini. Nilijifunza kwenye chumba hicho, na sidhani kama nilijifunza kitu cha kumfaa mtu.

Kilikuwa chumba kimoja cha kupanga, chenye ukuta usiofika juu, kwa hiyo tulisikia chumba cha pili wanavyogombana, wanavyopika, wanavyokohoa. Mlangoni palikuwa na pazia la mifuko ya sukari iliyofumuliwa na kuunganishwa, maandishi yakiwa yamefifia kwa kufuliwa. Godoro lilikuwa mfuko mkubwa uliojazwa maganda ya mahindi, likigeuzwa kila Jumamosi na kupigwa fimbo ili liinuke. Beseni lilikuwa limepasuka likazibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa kwa kisu cha moto, na mshono wake mweusi ulikwaruza mikono wakati wa kufua. Vipande vya sabuni vilivyobaki vilikandwa pamoja vikiwa vibichi hadi vikawa kipande kimoja chenye rangi nyingi. Majani ya chai yalianikwa dirishani yakapikwa tena, na chai ya mara ya pili ilikuwa na ladha ya maji yaliyopita karibu na chai. Jioni tulikula ugali na mlenda, siku nyingine dagaa, na mama mdogo alikwangua sufuria hadi ukoko wa mwisho, akauanika kwa ajili ya asubuhi. Ninayaandika haya kwa utaratibu kwa sababu siku hizi nasikia watu wakiyasifu. Binti yangu hunionyesha kwenye simu wanawake wanaogeuza suruali kuukuu kuwa mikoba, wakitabasamu. Mama mdogo hakuwahi kutabasamu akiwa na sindano. Nguo zenye viraka vingi huwa nzito, hazikauki vizuri kipindi cha baridi, na mishono yake ya ndani hukuna mgongo siku nzima. Chumba kizima kilinuka unyevu wa nguo ambazo zilipaswa kuwa zimekufa zamani.

Alishona kwa uzi wa mifuko. Mifuko ya unga na ya pumba hufungwa mdomo kwa mashine, uzi mweupe na uzi mwekundu zikiwa zimeshikana. Ukivuta upande unaotakiwa, mshono wote unafumuka kwa mvuto mmoja hadi mwisho. Ukikosea upande, unajipiga fundo na utakata vipande visivyo na kazi. Wapagazi wa maghala walimjua, wakamwekea mifuko mitupu, naye aliuzungusha uzi wake kwenye kipande cha bua la mahindi, mweupe huku, mwekundu kule. Mweupe aliutumia panapoonekana. Mwekundu aliutumia ndani, kwenye bitana, chini ya pindo, mahali ambapo hakuna atakayeangalia. Nguo ya mama mdogo ilianza kwa kwenda kanisani, ikashuka kwenda sokoni, ikashuka tena ikawa ya nyumbani, kisha ikakatwa ikawa ya Ezekia, na isipomtosha tena Ezekia ikawa viraka vya nguo nyingine. Mabaki ya mwisho yalisokotwa utambi wa koroboi. Jioni moja aliinama kuwasha, akautazama utambi kwa muda, akasema, "Hili ni gauni nililovaa siku ya kumbatiza Eze." Halafu akaliwasha.

Nguo zilizokuwa nje ya utaratibu huo ni zile za sandukuni. Zilikuwa za mumewe, baba mdogo Edsoni, utingo wa malori yaliyokwenda Kopabelti ya Zambia na Kongo, ambaye mimi sikuwahi kumwona. Alikuwa ameondoka kabla sijafika, na salamu zake zililetwa na madereva waliosimama kwenye foleni ya mpakani: yupo, mzima, anakuja. Zilikuwa nguo nzuri. Suruali za kitambaa kizito, mashati, shuka la sufu, sweta la kijani lenye kola. Kila mwezi mama mdogo alizitoa, akazikagua kwenye mwanga, na akikuta tundu la nondo alilitililia, akilifuma uzi kwa uzi, kwa uvumilivu ambao nguo zake mwenyewe hazikupata. Kisha alizikunja kwa namna yake, mikono ndani na kola juu, akazirudisha. Nilimuuliza mara moja kwa nini hatuzitumii. "Nguo za mtu aliye safarini hazikatwi," alisema. "Kwetu Mbebe ukikata nguo yake, unakata njia yake ya kurudi." Baadaye, nikiwa mtu mzima, niliwauliza wazee kadhaa wa Ileje, wilaya ilipo Mbebe, kuhusu jambo hilo. Wengine walisema wamewahi kulisikia, wengine walicheka. Mpaka leo sijui kama ni mila au aliitunga usiku mmoja akiwa peke yake.

Mwezi wa sita baridi ya Tunduma haina huruma. Upepo unatoka upande wa Zambia umebeba vumbi la malori, na asubuhi midomo inapasuka. Ezekia alikuwa na umri wa kuanza kuuliza maswali, na alivaa shati lililokatwa kwenye foronya, juu yake kipande cha mfuko wa salfeti kilichotobolewa mahali pa kichwa. Alikuwa akikaa juu ya sanduku la baba yake kwa sababu lilikuwa karibu na jiko la mkaa, miguu ikining'inia, akikohoa. Mama Furaha, aliyekaanga vitumbua upande wa pili wa ukuta, hakuhitaji kuja kwetu ili azungumze nasi.

"Mama Eze, huyo mtoto anakohoa tena."

"Namsikia, dada."

"Unamsikia na umemkalisha juu ya duka la nguo. Kata suruali moja tu. Mguu mmoja unamtosha mwili mzima."

"Hazikatwi."

"Basi mvalishe hivyohivyo bila kukata."

"Ataziburuza. Baba yake akija atakuta zimeburuzwa."

Mafuta yalichacharika. "Mimi nikiwa Edsoni," alisema Mama Furaha, "nikija nikakuta suruali nzima na mtoto kafa, nitaanza kushukuru lipi?"

Nilimwona mama mdogo akitazama kitenge kilichotundikwa msumarini. Wanawake wa kanisani walimpa baada ya uzazi mgumu, na ndiyo nguo yake pekee ambayo sindano haikuwa imeigusa. Siku iliyofuata alikikunja, akaniambia nimfunge Ezekia mgongoni, tukavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Kuvuka hakukuwa safari. Ndugu wa kabila la Wanamwanga walikuwa pande zote mbili, na watu walikwenda na kurudi kama wanaovuka barabara kununua chumvi. Mpango aliueleza njiani, jambo ambalo hakulizoea. Angebadilishana kitenge kwa sweta la sufu nene, hata lililotoboka, kisha alifumue lote na kulifuma upya likamtoshe Eze, na sufu ikibaki, amfumie soksi. Alitembea haraka. Nadhani alikuwa na furaha, na hiyo ndiyo mara pekee mwaka ule ninayoweza kusema hivyo.

Sokoni mitumba waliiita salaula, na ilimwagwa chini kwenye maturubai, watu wakiinama na kuchambua. Hakukawia kulipata: sweta la bluu, kubwa, sufu yake nzito, limeliwa kwenye viwiko tu. Aliliweka begani, akaanza kumtafuta muuzaji kwa macho. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu aliyechanganya Kibemba na Kiswahili, akimwita mayo, yaani mama, na mukwai, neno lao la heshima. "Mayo, hilo lilikuwa linakusubiri wewe," alisema. "Pita na huku, mukwai, kuna na ya wazee." Huku kulikuwa na rundo dogo la nguo ambazo hazikutoka ng'ambo kwenye marobota, bali zililetwa na watu wa hapohapo kuuzwa. Mama mdogo alipitisha mkono juu yake kwa mazoea, bila kukusudia, na mkono ukasimama. Alitoa koti la kahawia. Hakuliangalia mbele. Aliligeuza ndani moja kwa moja, kama mtu anayejua chumba chake gizani, akafunua bitana chini ya kwapa la kushoto. Palikuwa na kiraka cha mfuko wa unga, herufi mbili za bluu bado zikisomeka, kikiwa kimezungukwa na uzi mwekundu.

Niliujua uzi ule, nikaelewa kwamba koti lilikuwa la baba mdogo. Nilikuwa nimeuvuta mwenyewe kwenye mifuko mingi. Lakini mama mdogo alikuwa ameshaacha kutazama kiraka chake. Alikuwa anafuata kwa kidole kitu kingine. Juu ya kiraka chake palikuwa na kiraka kingine, cha kitambaa laini cha maua, kilichoshonwa kwa uzi wa kahawia unaofanana kabisa na koti. Mishono ilikuwa midogo, sawasawa, imekaribiana. Mfuko wa kulia nao ulikuwa umetengenezwa upya kwa mkono uleule. Kola ilikuwa imefumuliwa, ikageuzwa upande usiochakaa, ikashonwa tena, kazi ya siku nzima, kazi ambayo mtu hamfanyii mpita njia.

"Hili umelipata kwa nani?" aliuliza.

"Mama mmoja wa huko njia ya Isoka, mayo. Kaleta na mashati. Bwana wake kapata kazi nzuri, siku hizi havai viraka." Kijana alicheka. "Si unajua wanaume. Akipata kidogo, viraka vinamwasha."

"Bwana wake."

"Ndiyo, mukwai. Alikuwa na mtoto mgongoni kama huyu wenu."

Mama mdogo alilishika koti kwa muda mrefu. Watu walimsukuma wakipita, naye alisukumika bila kujua. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba miaka yote hii, na alilisema kwa sauti ya fundi anayemtathmini fundi mwenzake: "Anashona vizuri." Halafu akaliondoa sweta la bluu begani, akaliweka chini juu ya rundo, akalinyoosha kidogo lisijikunje, akampa kijana kitenge. "Nipe hili koti."

Nilisema, "Mama mdogo, na sweta la Eze?" Alikuwa ameshaanza kulikunja koti. Ezekia alikohoa mgongoni kwangu, kifua chake kikigonga uti wangu wa mgongo. Tulirudi Tunduma tukiwa na koti lililokunjwa chini ya kwapa lake, mikono ndani, kola juu.

Mama Furaha alikuja mwenyewe siku hiyo, kwa mlango, kwa sababu habari kama hizo hazisemwi juu ya ukuta. Alipoelezwa alikaa chini, kando ya kitanda, mikono kwenye magoti. Mama mdogo alikuwa ameshika wembe, koti likiwa mapajani limegeuzwa ndani. "Fumua," alisema Mama Furaha. "Toa mkono wa huyo mwanamke wote. Halafu ulikate mtoto avae. Limekuja lenyewe, hukulitoa sandukuni." Mama mdogo aliingiza ncha ya wembe chini ya uzi wa kahawia, akakata mshono mmoja, akavuta. Kiraka chake mwenyewe kiliinuka pamoja na kile cha maua, na bitana ikaanza kuachia. Aliacha kuvuta. Alijaribu upande mwingine, kukawa hivyohivyo. "Amepitisha sindano chini ya kwangu," alisema. "Ameshika vyote pamoja. Nikitoa wa kwake, wa kwangu nao unatoka, na hapo chini hakuna kitambaa tena." Mama Furaha alisema hilo si tatizo, kwani koti linakatwa. Mama mdogo alitikisa kichwa. Alitunga uzi mwekundu kwenye sindano, akaurudishia mshono ule mmoja alioukata, akafunga fundo, akakata kwa meno. "Huyo mwanamke kaliuza bila ruhusa ya mwenyewe," alisema. "Edsoni akijua atalitafuta." Mama Furaha alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akasimama akakung'uta gauni lake ingawa halikuwa na vumbi. Sanduku lilifunguliwa, koti likawekwa juu ya sweta la kijani, sanduku likafungwa. Nikamnyanyua Ezekia aliyekuwa amelala sakafuni, nikamrudisha juu ya sanduku, karibu na jiko.

Mwezi uliofuata kifua kilimlaza. Kwenye wodi ya watoto mama mdogo alikaa pembeni ya kitanda akishona, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kukaa. Muuguzi mmoja alimwambia kwa ukali kidogo kwamba mtoto huyu anahitaji kuvikwa, si kushonewa, na yeye akajibu, "Ndiyo, dada," akaendelea. Ezekia hakufa. Alirudi na ule mluzi wa pumzi ambao haukumwacha tena, na ambao ulimfanya asibebe mizigo kama vijana wenzake, asicheze mpira, asioe mapema. Mwisho wa mwaka niliondoka kwenda kwa ndugu wengine Vwawa, nikapata njia yangu. Mama mdogo alibaki. Miaka ilivyokwenda madereva waliacha kuleta salamu, kisha mmoja akaleta habari kamili: Edsoni yuko Mpika, hukohuko Zambia, mzima, ana nyumba ya bati na wajukuu. Nilimwambia mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye lile godoro. Alisikiliza hadi mwisho. "Wajukuu," alisema. "Basi amezeeka. Suruali zitakuwa zinampwaya." Mwezi ule alizipunguza kiuno kwa bandi, mishono ya muda ya uzi mweupe, bila kukata kitambaa, ili zikihitajika ziachiwe tena.

Nyumbani kwangu, nguo ikitoboka naitoa. Kifungo kikikatika, naigawa. Sahani ikipata ufa, naivunja kabisa nikaitupa, na sindano sina. Marehemu mume wangu alikuwa akisema ni majivuno ya mshahara, binti yangu anasema naharibu dunia. Sijawahi kuwaeleza. Nikiona mtu ameinama akitililia kitu, naondoka hapo, kwa sababu najua anaweza kuendelea hivyo hadi mwisho wa maisha yake, kila siku akiwa na kazi ya kufanya, kila siku akiwa na sababu ya kutoinua uso.

Wanawake kwenye mkeka walikuwa bado wanasubiri. Ezekia alivuta sanduku lile kutoka chini ya kitanda, akapiga magoti, akafungua. Wanawake walisogea. Baada ya viraka vyote vile, zilikuwepo nguo nzima, zimekunjwa, zinanuka dawa ya nondo. Shangazi alipumua kwa nafuu, kwa kuwa sasa kulikuwa na cha kugawa. Koti la kahawia lilikuwa juu. Ezekia alilinyanyua, akaligeuza, akaangalia kiraka cha herufi za bluu na kile cha maua, nikatambua kwamba alishaambiwa zamani, au alikuwa macho siku ile mgongoni kwangu. Akalivaa. Mikono iliishia juu ya vifundo vya mikono yake. Mbele halikufunga. Nilikuwa nimemdhania baba mdogo Edsoni kuwa mtu mkubwa, na kumbe alikuwa mtu mdogo, ambaye koti lake lingefaa kumfunika mtoto.

"Linakubana, baba," alisema Mama Furaha kwa upole. "Likatwe, lifunguliwe mgongoni, litakutosha."

Ezekia alilivua. Alilitandaza juu ya kitanda cha mama yake, akaingiza mikono ndani, akainua kola, akalikunja taratibu bila kumtazama mtu. Alilirudisha juu ya sweta la kijani, akashusha kifuniko, akapitisha komeo.

"Sasa sisi tutagawa nini?" aliuliza shangazi. "Na hizo watu wakiuliza tuseme nini?"

Alikaa juu ya sanduku, kifua kikipanda na kushuka kwa sauti ile, kama alivyokaa mwezi wa sita ule akiwa na mfuko wa salfeti shingoni.

"Waambieni mwenyewe hajaja," alisema.